Usiizime! Historia ya mfuniko wa chemba

Kazi za chumba cha habari ni nyingi na siku zina saa zilezile. Leo nimerudi na kisa cha kompyuta. Kuna atakayeuliza: mwandishi wa habari na mambo ya mafundi, wapi na wapi? Vuta subira. Ukifika mwisho utaona kwamba kisa hiki kinamhusu kila mtu anayetunza siri za watu wengine.

Miezi kadhaa iliyopita niliandika programu ndogo kwa lugha ya Python. Jamaa zangu walioko masokoni, Kariakoo, Tandale, Mabibo na wengine mikoani, walikuwa wananitumia kwa ujumbe mfupi bei za mchele, maharage na sembe, na programu inazipokea na kuzipanga. Wengine hawakuishia kwenye bei. Waliniandikia nani amefungia magunia ghalani akisubiri bei ipande, na nani anadai "ya soda" kwenye kizuizi cha barabarani. Programu ilikaa kwenye seva ya kupanga huko Ujerumani, ikifanya kazi usiku na mchana.

Siku ya tisa nikafungua folda nione mavuno yangu. Tupu! Nilikuwa nimekosea jina la folda, na programu ilikuwa inameza kosa hilo kimyakimya. Tangu siku ya kwanza haikuwa imeandika hata mstari mmoja kwenye diski. Kila kitu kilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ile inayofutika programu ikizimwa. Ni sawa na karani anayekumbuka mahesabu yote kichwani bila kuandika kwenye daftari. Akilala tu, kwaheri.

Nilitaka kuizima, niirekebishe, niiwashe upya. Si ndivyo tulivyozoea? Kitu kikisumbua, zima washa. Bahati nzuri kabla ya kufanya hivyo nikampigia rafiki yangu mmoja, leo tumwite Fundi. Hata sentensi sikumaliza.

"Dada, usiizime! Usiguse kitu. Ukizima umezika."

"Sasa kaka, nifanyeje?"

"Si nilikuwekea chemba? Subiri."

Fundi yuko Mbagala, mimi Sinza, mashine iko Ujerumani. Akaingia kwenye seva kwa njia inayoitwa SSH, akashuka ndani ya programu ikiwa inaendelea kufanya kazi, akaandika mistari mitatu. Programu haikusimama hata kidogo. Ujumbe uliendelea kuingia kama kawaida, na mimi nikapata faili lenye bei zote za siku tisa. Nilitaka kulia kwa furaha.

Chemba mnaijua. Ni lile shimo lenye mfuniko ambalo fundi wa majitaka hushukia ili kuzibua mtaro bila kubomoa barabara. Mafundi wa Python nao wameupa mlango wao jina la shimo hilohilo kwa Kiingereza, na Fundi akalitafsiri kwa lugha ya mtaani kwetu. Sasa mimi kazi yangu ni kuuliza maswali. Nikajiuliza: ni nani aliyeanza kugusa mashine iliyo mbali bila kuisimamisha? Na kwa nini mlango huo ulikuja kufungwa kwa makufuli mengi hivyo? Nikaanza kusoma. Hiki ndicho nilichokikuta.

Mwanzo wake ni wa zamani kuliko nilivyodhani. Tarehe 11 Septemba 1940, wanahisabati walikusanyika katika chuo cha Dartmouth, mji wa Hanover, Marekani. George Stibitz wa maabara za Bell alikuwa na mashine ya kukokotoa iliyotengenezwa kwa swichi za simu zaidi ya 400. Mashine hiyo ilikuwa New York, zaidi ya kilomita 300 kutoka pale. Badala ya kuibeba, aliweka ukumbini teletaipu, yaani taipureta iliyounganishwa na waya wa simu. Wajumbe wakawa wanaandika hesabu zao pale Hanover, hesabu zinasafiri hadi New York, na jibu linarudi na kujichapa lenyewe kwenye karatasi. Ukumbini walikuwemo Norbert Wiener na John Mauchly, na huyu Mauchly baadaye alikuwa mmoja wa waliounda kompyuta maarufu ya ENIAC.

Teletaipu ile haijafa, ninyi mnaitumia bila kujua. Hadi leo, kwenye kompyuta za Linux na jamaa zake, ukitaka kujua umeketi kwenye "kiti" gani unaandika amri yenye herufi tatu tu, tty. Ni kifupi cha jina la mashine hiyo. Mashine zenyewe zimekwisha kwenda makumbusho, jina limebaki.

Lakini kwa Stibitz mtu aliyeko mbali alikuwa mmoja kwa wakati, tena mgeni anayeheshimika. Balaa lilianza pale wengi walipoanza kuingia kwenye mashine moja. Mwaka 1961, chuoni MIT, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Kompyuta wakati huo ilikuwa na bei ya jengo zima, hivyo wakaifanya igawe muda wake: sekunde kidogo kwako, kidogo kwangu, hadi kila mmoja akadhani ni yake peke yake. Sasa kila mtu alikuwa na faili zake, na kila mtu alitaka faili zake zisichunguliwe. Corbató akaweka nywila.

Na nywila hazikukaa hata miaka miwili kabla ya kuibiwa! Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliona muda aliogawiwa kutumia kompyuta hautoshi. Akaiagiza mashine imchapie faili lenye nywila za watumiaji wote, ikamchapia, naye akawa anaingia kwa majina ya wenzake. Mwaka 1966 kukatokea kioja kingine. Faili la nywila na faili la tangazo la siku yalibadilishana nafasi kwa bahati mbaya, hivyo kila aliyeingia akakaribishwa na orodha ya nywila za watu wote. Corbató mwenyewe alikuja kukisimulia kisa hicho baada ya kupewa tuzo ya Turing ya mwaka 1990.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona mkondo wa historia hii. Kila mara watu wanahangaika na swali la kwanza, nitaifikiaje mashine iliyo mbali, na swali la pili linawakuta nyuma wakiwa hawana habari: nitajuaje kwamba anayeingia ni yule tu niliyemruhusu?

Tuendelee. Tarehe 29 Oktoba 1969, saa nne na nusu usiku, mwanafunzi Charley Kline wa chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, alijaribu kuingia kwenye kompyuta ya taasisi ya SRI, kaskazini mwa jimbo hilohilo la California. Wengi wanasimulia kwamba huo ulikuwa ujumbe wa kwanza wa ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Ni kweli, lakini tazama alikuwa anaandika nini. Hakuwa anatuma salamu. Alikuwa anaandika neno la Kiingereza la kuomba kuingia kwenye mashine, "login". Akaandika L, ikafika. Akaandika O, ikafika. Alipoandika G, kompyuta ya upande wa pili ikaanguka. Saa moja hivi baadaye walifanikiwa. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ambalo mtandao huu wetu uliombwa kufanya, kabla ya barua pepe na kabla ya picha za harusi, lilikuwa ni kumwezesha mtu kuendesha mashine iliyo mbali.

Chombo cha kufanyia kazi hiyo kikaitwa Telnet. Kilianza kuandikwa mwaka huohuo wa 1969, na mwaka 1983 kikapata maelezo rasmi yaliyotumika kwa miaka mingi. Telnet ilikuwa rahisi na ilifanya kazi vizuri. Tatizo lake lilikuwa moja tu: kila ulichoandika kilisafiri wazi, nywila ikiwemo. Fikiria unaandika namba ya siri ya benki kwenye kadi ya posta isiyo na bahasha, kisha unaikabidhi kwa kondakta wa basi aipeleke Mwanza. Kila mkono inaopitia unaweza kuisoma. Wakati mtandao ulikuwa wa maprofesa wanaofahamiana, hakuna aliyejali. Wakafika watu wasiofahamiana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wezi waligundua kwamba hawana haja ya kuvunja mlango wowote. Wanakaa tu kwenye njia na kusikiliza. Unaweka programu ndogo kwenye kompyuta moja ya mtandao, inaandika kila nywila inayopita. Februari 1994 kituo cha Marekani cha dharura za kompyuta, CERT, kilitoa onyo kwamba maelfu kwa maelfu ya mashine yamekwisha kuathirika.

Mwaka 1995 wizi wa namna hiyo ukapiga hodi kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland. Pale alikuwepo mtafiti aitwaye Tatu Ylönen. (Naam, anaitwa Tatu, na ni mwanaume. Kwa Kifinland jina hilo halina uhusiano wowote na namba.) Wengine wangeunda kamati. Yeye alikaa chini akaandika programu, akaiita SSH, yaani ganda la usalama, na Julai 1995 akaitoa bure kwa yeyote anayeitaka. Kufikia mwisho wa mwaka huohuo ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50.

Kuna kipande kimoja cha kisa chake nakipenda sana. Kila huduma ya mtandao ina namba ya mlango wake. Telnet ina mlango namba 23. Huduma ya kuhamisha mafaili, FTP, ina namba 21. Ylönen alitaka programu yake ichukue nafasi ya zote mbili, na akaona namba 22 katikati yao iko wazi. Akaandika barua pepe kwa wanaogawa namba hizo akiiomba, na kesho yake akajibiwa kwamba amepewa. Hakuna fomu, hakuna muhuri, hakuna "njoo Jumatatu". Sisi tunaojua kufuatilia kibali ofisini tunaweza kusoma hapo mara mbili.

SSH inafanyaje kazi? Nitajaribu kwa lugha ya sokoni. Kwanza, mashine mbili ambazo hazijawahi kukutana zinakubaliana siri mbele ya kadamnasi, kwa hesabu ambazo ni rahisi kuzifanya kwenda mbele lakini hazirudishiki nyuma. Wazo hilo lilitangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Kuanzia hapo kila neno linasafiri ndani ya bahasha ambayo msikilizaji wa njiani hawezi kuifungua. Pili, badala ya nywila unaweza kutumia jozi ya funguo. Mmoja ni kama kufuli: unaweza kuligawa kwa kila mtu, ukalitundika hata kwenye nguzo ya umeme, halina madhara. Wa pili ndio ufunguo wenyewe wa kulifungulia, na huo hautoki kwenye kompyuta yako hata siku moja. Seva inakuonyesha kufuli lako, wewe unathibitisha kwamba ufunguo unao bila kuutoa mfukoni.

Tatu, na hapa wengi wetu tuna dhambi, seva nayo inajitambulisha. Mara ya kwanza unapoingia, SSH inakuonyesha alama ya kidole ya seva na kuuliza: una hakika ndiyo hii? Wangapi kati yetu tumewahi kuisoma alama ile? Mimi nilikuwa naandika "ndiyo" kama mtu anayekubali masharti ya benki.

Programu ya Ylönen baadaye iliwekewa masharti magumu zaidi ya matumizi. Waandishi wa OpenBSD wakachukua toleo la zamani lililokuwa huru, wakalisafisha, na Desemba 1999 wakalitoa kwa jina la OpenSSH. Hiyo ndiyo iliyoenea duniani. Leo kuikuta seva ya Linux isiyokuwa nayo ni kama kukuta nyumba ya uswahilini isiyo na pazia mlangoni.

Na sisi huku? Waya wa kwanza wa telegrafu chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879 ukitokea Aden. Lakini kwa intaneti tuliotea jua kwa muda mrefu. Hadi Julai 2009, ulipowashwa mkonga wa SEACOM, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya kimataifa ilipita kwenye setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Herufi inapanda, inashuka, jibu linapanda, linashuka. Hiyo ni nusu sekunde na zaidi kwa kila herufi. Mafundi wakubwa waliofanya kazi enzi zile wananiambia walikuwa wanaandika amri nzima bila kuiona, kisha wanasubiri ijitokeze kwenye kioo kama picha inayosafishwa kwenye dawa. Hata leo mkonga si chuma cha reli. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, nchi kadhaa zikiwemo Tanzania na Kenya zilijikuta zinatambaa. Programu yako Ulaya inaendelea kufanya kazi, wewe ndiye uliyekatika. Ndiyo maana mafundi wanapenda vyombo kama Screen ya mwaka 1987, ambavyo vinakutunzia kikao chako upande wa pili hadi utakaporudi.

Sasa rudi kwenye kisa changu. SSH ilimfikisha Fundi kwenye nyumba, yaani seva. Lakini siku zangu tisa hazikuwa sebuleni. Zilikuwa ndani ya kichwa cha programu moja iliyokuwa kazini. Unaingiaje humo?

Wazo hilo ni la watu wa lugha ya Lisp, aliyoibuni John McCarthy mwaka 1958. Katika Lisp unaweza kuzungumza na programu iliyo hai: unaiuliza, inajibu, unambadilishia kipande, inaendelea. Mfano mkubwa kuliko yote ulitokea Mei 1999. Chombo cha anga cha NASA kilichoitwa Deep Space 1 kilikuwa takriban kilomita milioni 100 kutoka duniani, na kwa siku chache kikaachiwa kijiendeshe chenyewe kwa programu ya Lisp. Katikati ya jaribio programu ikakwama, sehemu moja ikimsubiri mwenzake ambaye naye anasubiri. Huwezi kumtuma fundi. Kila swali lilitumia zaidi ya dakika tano kufika na nyingine kama hizo jibu kurudi. Ron Garret, mmoja wa waliofanya kazi hiyo, ameeleza jinsi uwezo wa kuzungumza na programu ikiwa hai ulivyowasaidia kuubaini ugonjwa. Miaka 25 baadaye wenzao wa Voyager 1 walifanya muujiza wa jamii hiyo. Chombo hicho kilianza kutuma maneno yasiyoeleweka Novemba 2023, na Aprili 2024 wakahamisha vipande vya programu yake kutoka kwenye kumbukumbu iliyoharibika. Swali moja lilichukua zaidi ya saa 22 kufika.

Python ilirithi kipaji hicho. Guido van Rossum aliianza wakati wa Krismasi ya 1989 huko Amsterdam na kuitoa Februari 1991. Jina alilichukua kwenye kipindi cha vichekesho cha Monty Python, si kwa chatu, ingawa chatu ndiye aliyeishia kwenye nembo. Ndani ya Python, orodha, kazi, hesabu, kila kitu kina jina, na majina hayo yanaulizika wakati programu inafanya kazi. Ukiandika jina la orodha, inakuonyesha kilichomo. Ukiandika kazi mpya kwa jina la ile ya zamani, kuanzia hapo wanaoiita jina hilo wanapata mpya.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Glyph Lefkowitz na wenzake walitengeneza Twisted, zana za kuandikia programu za mtandao kwa Python. Humo ndimo ilimo chemba. Unaiambia programu yako: fungua mlango mdogo wa SSH, na atakayeingia kwa ufunguo halali mpe nafasi ya kuandika Python humo humo ndani. Fundi alifanya hivyo. Mstari wa kwanza uliuliza orodha ina vitu vingapi. Wa pili ulisahihisha jina la folda. Wa tatu uliita kazi ya kuandika faili. Basi.

Ina hatari zake. Chemba inatumia njia ileile inayotumiwa na programu yenyewe, hivyo ukiandika amri ndefu isiyoisha, programu nzima inakusubiri wewe. Na marekebisho unayofanya humo hayamo kwenye faili la asili. Programu ikiwashwa upya, ugonjwa unarudi.

Wasiokuwa na chemba walikuwa wanalazimika kuipasua programu tumbo kwa vyombo vya kuchunguzia kumbukumbu, na mara nyingi mgonjwa alifia mezani. Oktoba 2025 toleo la Python 3.14 lilileta njia mpya, iliyopendekezwa na Pablo Galindo Salgado na wenzake. Unaikabidhi programu inayofanya kazi faili lenye maagizo, nayo inayatekeleza ikifika mahali salama. Hakuna mlango unaoachwa wazi kwenye mtandao. Ni lazima kwanza uwe umeingia kwenye mashine yenyewe, kwa SSH, ukiwa na mamlaka juu ya programu hiyo.

Kwa nini walijali sana mlango usiachwe wazi? Machi 29, 2024, mhandisi Andres Freund alitangaza jambo lililotikisa dunia ya kompyuta. Aliona kuingia kwa SSH kwenye mashine yake kunachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde! Mwingine angenywa chai. Yeye alifuatilia, akakuta ndani ya programu ya kubania mafaili inayoitwa xz kumefichwa mlango wa siri wa kuingilia kupitia SSH. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa amejenga uaminifu kwa zaidi ya miaka 2 akijitolea kusaidia kazi kabla ya kupewa funguo. Mlango haukuvunjwa. Aliaminiwa, akakabidhiwa.

Nilipokuwa nasoma habari hiyo, ndipo moyo ulipolipuka. Nikampigia Fundi. "Kaka, ile chemba yangu, nani mwingine anaweza kuingia?"

Akakaa kimya kidogo. Akaangalia. Tulikuwa tumeiacha ikisikiliza dunia nzima badala ya kusikiliza ndani ya seva tu, na nywila yake ilikuwa ile ya majaribio ambayo mtoto wa darasa la 5 angeibahatisha. Baada ya kunusurika siku ile, hakuna aliyekumbuka kurudisha mfuniko. Mbaya zaidi, hatukuwa tumeweka daftari la wageni. Hakuna namna ya kujua kama kuna aliyeingia.

Na mle ndani hamkuwa na bei za mchele tu. Kulikuwa na namba za simu za watu walioniambia nani anadai rushwa na wapi.

Tulifunga siku hiyohiyo. Chemba sasa inasikiliza ndani ya seva pekee, anayeitaka ni lazima apite kwanza kwenye SSH kwa ufunguo, nywila zimezimwa, na kila anayeshuka anaandikwa. Namba za simu hazikai tena humo. Hiyo ilikuwa sehemu rahisi, ya saa mbili.

Sehemu ngumu ilikuwa kupiga simu 17, mmoja mmoja, kueleza. Sikuwa na la kutetea. Wengi walinielewa, wengine hawakuelewa ninachozungumzia na ikabidi nirudie mfano wa chemba. Mama mmoja wa sokoni alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ahsante mwanangu kwa kunieleza ukweli. Lakini usinitumie tena ujumbe." Sikumlaumu.

Historia yote niliyowasimulia, tangu teletaipu ya 1940, ni ya watu waliofurahi kuifikia mashine iliyo mbali na kusahau kwamba njia waliyopitia inapitika. Scherr alilijua hilo mwaka 1962. Mimi nimelijua kwa kumpoteza mama yule. Basi nawe msomaji wangu, kama kuna mashine mahali umewahi kuifungulia mlango wa dharura, hata kama ilikuwa zamani, hata kama ni ya ofisi, nenda leo ukaangalie mfuniko.